Sura ya Saba: Gari la Asubuhi, Teksi ya Usiku

Anayepanga likizo ya Meksiko akiwa nyumbani huanza na hesabu rahisi. Anafungua simu, anaona gari dogo la kukodi Cancún likitangazwa kwa dola chache kwa siku. Anauliza bei ya teksi kutoka hotelini hadi mjini, anaguna, na shauri limekwisha: tunakodi gari. Hesabu hiyo imekosewa mahali pawili. Bei ya gari aliyoiona siyo atakayolipa, na teksi ya hotelini ndiyo teksi ya ghali kuliko zote. Lakini kosa kubwa liko kwingine: amechagua chombo kimoja kwa safari nzima, kana kwamba siku zote za likizo zinafanana.

Hazifanani. Siku ya kulala ufukweni, gari la kukodi hukaa juani likichemka huku unalilipia. Siku ya kwenda kuona magofu ya Wamaya, mwenye gari huwa amefika, ameona na ameondoka kabla mabasi ya watalii hayajawasili. Jioni ya kula na kunywa, gari hilohilo ni mzigo, tena mzigo wa hatari. Ninachotaka kukushawishi ni hiki: huko Meksiko gari la kukodi ni chombo cha asubuhi na cha mashambani, teksi ni chombo cha usiku na cha mjini, na likizo moja inaweza kubeba vyote viwili. Nitakaa zaidi kwenye rasi ya Yucatán, kwa kuwa ndiko wageni wengi wanakofikia na ndiko swali hili linakoumiza kichwa.

Mji mkuu tuumalize haraka. Mexico City usikodi gari. Jiji limekaa mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililozungukwa na milima, na moshi wa magari hauna pa kutokea. Tangu 1989 kuna mpango uitwao Hoy No Circula, unaozuia magari kutembea siku fulani kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili, na magari yenye namba za nje ya jiji yana masharti yake ya ziada. Upewe likizo halafu uitumie kuhesabu tarakimu? Metro ilifunguliwa 1969, nauli yake ni peso 5, na kila kituo kina picha yake ukutani. Chapultepec, kwa mfano, ni panzi. Asiyejua neno la Kihispania anahesabu picha na kushuka panapostahili. Pale metro isipofika, au usiku ukiwa umeingia, ita teksi ya mtandao. Zipo tele na bei unaiona kabla hujapanda. Zamani teksi za jiji hili zilikuwa Volkswagen zile za mgongo wa mviringo, za kijani na nyeupe, kiti cha mbele cha abiria kimeng'olewa ili watu wapite kwenda nyuma. Ya mwisho ya aina hiyo duniani ilitoka kiwandani Puebla Julai 2003. Sasa teksi za jiji ni za waridi na nyeupe, na hadithi nyingi za kutisha ulizosikia ni za enzi za Volkswagen.

Sasa twende Cancún, kwenye kaunta ya gari la kukodi, maana hapo ndipo watu wanapopigwa.

Chukua mke na mume waliotoka Mombasa. Tuwaite Mama Salma na Baba Salma. Wameshuka kwenye ndege ya pili au ya tatu, miguu imevimba, mtoto analia. Nambari ya oda iko kwenye simu. Karani anatabasamu, anachapa, kisha anageuza skrini. Bei imepanda mara kadhaa.

"Baba Salma, ile bei ya kwenye simu iko wapi?"

"Subiri mama, nasoma."

"Soma kwa sauti basi, na mimi nisikie."

Anachosoma ni bima. Sheria ya Meksiko inataka kila gari linalopita kwenye barabara kuu za shirikisho liwe na bima ya kufidia watu wengine. Matangazo mengi ya bei rahisi huiacha nje, kisha kaunta inaidai kama sharti la kupewa ufunguo. Karani hakudanganyi anaposema ni lazima. Udanganyifu, ukitaka kuuita hivyo, ulifanyika pale tangazo lilipotolewa bila hiyo bima. Baada ya hapo inakuja bima ya uharibifu wa gari lenyewe. Unaweza kuikataa, lakini ukikataa watazuia kiasi kikubwa cha fedha kwenye kadi yako kama amana hadi urudishe gari. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na pengine ada ya kuchukulia gari uwanja wa ndege.

Wapo wanaosema, "Kadi yangu ya mkopo ina bima." Huenda ni kweli, lakini soma masharti yake. Bima za kadi kwa kawaida hufidia gari ulilokodi. Mtu uliyemgonga, au ukuta wake, au ng'ombe wake, hayumo. Na huko Meksiko hilo la mtu mwingine ndilo lenye uzito. Ajali ikijeruhi mtu, polisi wanaweza kuwashikilia madereva hadi ijulikane nani ana kosa na nani atalipa. Bima nzuri huja na msaada wa kisheria kwa ajili ya saa hiyo. Ukipata ajali, utaratibu ni kupiga simu kwa kampuni ya bima, kuacha gari lilipo, na kumsubiri mtu wao wa kukagua, wanayemwita ajustador, aje mwenyewe barabarani. Mwenye haraka akamalizana na mwenzake kando ya njia kwa noti mbili tatu anaweza kukuta bima yake imekataa kulipa.

Kwa hiyo Baba Salma alipaswa kufanya nini? Kabla hajaondoka Mombasa, angeiandikia kampuni barua pepe aulize swali moja: jumla yote, pamoja na bima ya lazima, kodi na ada, ni kiasi gani hadi narudisha ufunguo? Kampuni inayojibu kwa tarakimu moja ndiyo ya kufanya nayo kazi, hata kama tangazo lake lilikuwa la juu. Angehakikisha pia ana kadi halisi ya mkopo yenye jina la yule atakayeendesha. Wengi hukwama hapo: hela zipo, lakini ziko kwenye simu au kwenye kadi ya mke ambaye hataki kushika usukani. Kuhusu leseni, ya nyumbani ikiwa kwa Kiingereza mara nyingi inatosha kwenye kaunta, ila kibali cha kimataifa cha kuendesha hakichukui nafasi mfukoni na trafiki hukielewa haraka zaidi.

Akishapewa gari, alizunguke na simu akirekodi video: bampa ya mbele, bampa ya nyuma, rimu, kioo cha mbele, tairi ya akiba, jeki. Asiogope kuonekana mshamba. Mkwaruzo ambao haukuandikwa asubuhi utakuwa wake jioni.

Halafu barabara. Meksiko wanaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Goma haoni shida yoyote hapa. Wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Unguja asikilize. Kwenye barabara kuu yenye magari mengi hutapotea, kwa sababu wenzako wanakuonyesha njia. Utapotea alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta au kwenye njia ya vumbi ya kijijini, hakuna gari mbele wala nyuma, mawazo yako yako kwingine na mikono inafanya iliyozoea miaka yote. Hapo ndipo mtu anajikuta upande wa kushoto akishangaa lori linalomjia na taa kali. Anayekaa kiti cha abiria apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani, na dereva asinune.

Lipo na jambo la indiketa, ambalo sijaona likielezwa kwa mtu wa kwetu. Kwenye barabara zetu za safari ndefu, dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto mara nyingi anakwambia njia ni nyeupe, pita. Ya kulia inasema kaa. Meksiko nao wana lugha hiyohiyo ya madereva, na indiketa ya kushoto ndiyo pia inayosema pita. Utafurahi ukidhani mambo ni yaleyale. Tatizo ni kwamba huku kwetu lori likiwasha kushoto, hata kama kweli linakata kona, linaelekea pembeni na wewe unapita kulia bila kugusana nalo. Kule unalipitia kwa kushoto, na indiketa hiyohiyo ya kushoto inaweza kumaanisha dereva anakata kona kushoto, yaani mbele ya uso wako. Ishara moja, maana mbili, na mojawapo inaua. Ushauri wangu ni mfupi: usipite kwa kuamini taa ya mtu. Pita kwa kuona mwenyewe.

Matuta nayo. Wanayaita topes, na hakuna kijiji kisichokuwa nayo, kuanzia penye mlango wa kijiji, mbele ya shule, mbele ya kanisa, hadi penye kutokea. Mengine yamepakwa rangi na yana kibao mita chache kabla. Mengine hayana chochote. Yameshikana rangi na lami, na unayagundua kwa kichwa kugonga paa. Wauza matunda wanayajua vizuri kuliko madereva. Ukiona mama amesimama katikati ya barabara tupu akiwa ameshika mifuko ya machungwa yaliyomenywa, punguza mwendo, kwa sababu hakusimama hapo bure. Usiku hakuna mama wala machungwa. Kuna giza, mbwa, baiskeli za magurudumu matatu zisizo na taa, na tuta. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema gari ni la asubuhi. Ujambazi hutajwa sana, na kwenye barabara za majimbo fulani ni jambo la kweli, lakini kwenye rasi ya Yucatán kinachovunja likizo za wageni wengi usiku ni tuta na giza.

Mafuta utajazwa na mhudumu, kama nyumbani, na kama nyumbani utashuka na kuangalia pampu ianze na sifuri. Jina utakaloliona mara nyingi ni Pemex, shirika la serikali lililozaliwa baada ya Rais Lázaro Cárdenas kutaifisha mafuta tarehe 18 Machi 1938. Hadi 2016 vituo vyote nchini vilikuwa na jina hilo, ndipo majina mengine yakaruhusiwa. Mkono wa kijani ni petroli ya kawaida, mwekundu ni ya daraja la juu. Gari la kukodi hutosheka na kijani. Jihadhari na noti. Noti ya peso 500 iliyotoka 2018 ni ya buluu na ina sura ya Benito Juárez. Noti ya peso 20 ya toleo la zamani nayo ni ya buluu na ina sura ya Benito Juárez. Unatoa mia tano, mkono unazunguka, na unarudishiwa ishirini ukiambiwa umelipa pungufu. Mchezo huo unachezwa kituo cha mafuta na ndani ya teksi vilevile. Itaje noti kwa sauti unapoikabidhi: "Quinientos." Neno moja linatosha.

Trafiki hawana jipya kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Atakusimamisha, atasema ulikuwa kasi, atakumbusha kwamba ofisi ya kulipia faini iko mbali na leo wamefunga. Unajua anachongoja. Mwombe kwa upole akuandikie faini, kaa kwenye gari, usiwe na haraka. Mtu asiye na haraka ni mteja mbaya kwa biashara hiyo. Katika miji kadhaa, ukiegesha vibaya hawafungi tairi. Trafiki anakuja na bisibisi, anafungua kibao cha namba na kuondoka nacho hadi ulipe. Unarudi kutoka kula unakuta gari liko vilevile ila halina jina. Ukingo wa njia uliopakwa rangi ya njano usiuguse.

Baada ya orodha hiyo ya balaa, kwa nini mtu akodi gari? Kwa sababu ya saa mbili asubuhi.

Magofu ya Chichén Itzá hufungua saa mbili asubuhi. Mabasi yaliyotoka hoteli za Cancún, umbali wa kilomita kama 200, huanza kumwaga watu katikati ya asubuhi, jua likiwa limeshapanda na wauza vinyago wameshapanga meza pande zote za njia. Mtu aliyelala Valladolid, mji mdogo wa kikoloni ulio kilomita 40 na kitu kutoka hapo, anaamka, anakunywa kahawa, na kwa dakika arobaini na tano yuko langoni. Anaona piramidi ya El Castillo ikiwa na kivuli upande mmoja na uwanja wa nyasi mtupu mbele yake. Hiyo saa moja au mbili ndiyo unayoinunua unapokodi gari. Ukiwa na haraka ya kurudi Cancún kwa chakula cha mchana, hujainunua. Umenunua kiti cha kuendeshea tu.

Halafu kuna maji. Rasi hii ni jabali la chokaa, mvua inazama moja kwa moja, na karibu hakuna mto unaopita juu ya ardhi. Mito iko chini, na pale paa la chokaa lilipoporomoka pamebaki mashimo ya maji baridi ya kuogelea, cenote. Mengine yamegeuzwa vituo vya watalii vyenye maegesho ya mabasi na foleni ya makoti ya kujiokolea. Mengine yako nyuma ya shamba la mtu, na kibao cha mbao kimeandikwa kwa mkono. Hakuna teksi itakayokusubiri pale kwa bei ya kawaida, na hakuna basi linalofika. Gari ndilo linalokuruhusu kuona kibao, kupunguza mwendo na kukata kona. Hali ni hiyohiyo kusini mwa mji wa Mérida, kwenye njia ya magofu ya Puuc: Uxmal iko kilomita kama 80 kutoka mjini, kisha Kabah, Sayil na Labná zimefuatana, kila moja ikiwa kimya kuliko iliyotangulia. Kwa usafiri wa umma utaona Uxmal na kurudi. Kwa gari utaziona zote siku moja na bado utakula mchana Santa Elena au Ticul. Kaskazini kabisa, Río Lagartos, kuna heroe wa waridi kwa maelfu. Aliyekulia karibu na Nakuru au Natron hatashtuka kwa idadi yao, ila atashtuka kwa rangi. Wale wa Meksiko ni wekundu zaidi ya wa kwetu.

Kati ya Cancún na Mérida utapewa njia mbili. Ya kulipia, cuota, imenyooka msituni, ni ya haraka, ina vituo vya mafuta vichache mno na tozo yake si ndogo. Ya bure, libre, inapita kila kijiji na kila tuta. Wengi husema lipa. Mimi nasema lipa mara moja, siku una ndege ya kuwahi. Siku nyingine pita libre, maana vijiji ndivyo ulivyokuja kuviona. Gari likizima kwenye barabara kuu, piga 078, watakuja Ángeles Verdes, mafundi wa wizara ya utalii wenye magari ya kijani walioko barabarani tangu 1960. Kazi yao hailipiwi. Unalipa vipuri na mafuta tu.

Teksi sasa. Teksi za Cancún hazina mita. Bei huenda kwa maeneo, na eneo la hoteli kando ya bahari lina bei yake, ya juu kuliko mjini kwa umbali uleule. Toka hotelini, tembea mita mia mbili hadi barabarani, bei itapungua. Si ujanja, ndivyo ilivyo. Patana kabla hujafungua mlango, na mkubaliane ni peso, kwa sababu peso na dola huandikwa kwa alama ileile, na "$200" ya kwenye kibao imewahi kumtoa mtu jasho. Tulum ni kesi ya peke yake. Kati ya mji na hoteli za ufukweni ni kilomita chache tu, lakini madereva wanajua kwamba huna njia nyingine, nao wanataja bei kwa kukuangalia viatu. Kule kodi baiskeli.

Nyuma ya bei hizo kuna siasa. Chama cha madereva wa teksi cha Cancún kina nguvu ambayo wanasiasa wa jimbo la Quintana Roo huiheshimu, na teksi za mtandao zimepigana nacho kwa miaka. Januari 2023, baada ya mahakama kuamua kwamba Uber inaweza kufanya kazi bila leseni za teksi za jimbo, madereva walifunga Boulevard Kukulcán, barabara ya kwenda hotelini. Watalii walitembea na masanduku yao juani, na wengine walipandishwa kwenye magari ya doria ya polisi ili wawahi ndege. Kwa hiyo ukiita gari kwa simu Cancún, dereva akikuomba ukae kiti cha mbele kama rafiki yake, usishangae, na ukiona teksi za kawaida zimekusanyika mlangoni, usigeuze jambo hilo kuwa vita yako. Mérida huna shida hiyo. Teksi za mtandao zinatembea kwa amani na bei zake ni za kawaida.

Uwanja wa ndege una sheria yake: ni eneo la serikali kuu, na teksi inayopakia abiria hapo inahitaji kibali cha serikali kuu. Teksi ya mjini inaweza kukushusha, kukupakia haiwezi. Ndiyo maana kutoka uwanjani ni ghali kuliko kurudi. Dawa ni basi. Mabasi ya ADO yanatoka pale pale nje ya mlango kwenda katikati ya Cancún na Playa del Carmen, yana kiyoyozi na viti vyenye namba, na hakuna wa kupatana naye.

Nataja basi kwa sababu mjadala wa gari au teksi husahau kwamba Wameksiko wenyewe wengi hawana hata kimoja. Kwenye barabara ya 307, kutoka Cancún kushuka Playa del Carmen hadi Tulum, kuna vibasi vinavyoitwa colectivo. Mtu aliyepanda matatu au daladala hahitaji mafunzo. Unasimama kando, unapunga mkono, unamwambia dereva unaposhukia, unalipa. Kule Oaxaca colectivo ni teksi ya kawaida, na dereva haondoki hadi ijae, abiria wawili wakibanana kiti cha mbele. Reli ya Tren Maya ilianza Desemba 2023 na njia yake nzima ni kilomita 1,554, lakini vituo vingi viko mbali na miji, kwa hiyo ukishuka unarudi kwenye swali lilelile la teksi.

Kama ningempangia Mama Salma likizo ya wiki mbili, ingekuwa hivi. Siku za kwanza, ufukweni, bila gari: basi kutoka uwanja wa ndege, colectivo mchana, teksi usiku. Kisha basi kubwa hadi Mérida, safari ya saa nne hivi, na gari likodiwe hapo mjini, mbali na kaunta ya uwanja wa ndege na mbali na uchovu wa ndege. Siku nne za gari zinatosha Puuc, cenote, Valladolid na Chichén Itzá, na kila siku ufunguo uwekwe mezani jua linapozama. Gari lirudi Mérida lilikotoka, maana kulirudishia mji mwingine hutozwa ada ambayo mara nyingine huzidi bei ya siku zenyewe. Familia ya watu watano yenye mtoto mchanga na kiti chake inaweza kukodi mapema zaidi, kwa kuwa teksi moja haitawatosha. Anayesafiri peke yake hana haja ya gari kabisa isipokuwa kwa Puuc, na hata hapo atafute wenzake wawili hotelini wachangie.

Na kama utakaidi ukodi Cancún na kurudisha Cancún, kumbuka saa. Jimbo la Quintana Roo, ambamo Cancún imo, liko saa moja mbele ya jimbo la Yucatán. Ukitazama saa ya ukutani Valladolid ikakuambia ni saa nne asubuhi, Cancún ni saa tano, na mkataba wako unahesabiwa kwa saa ya Cancún.